Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Waheshimiwa wakuu wa shule, ndugu walimu mnaowashauri wanafunzi wanaoomba vyuo vya nje,

Shughuli za kawaida mnazijua: warsha mbili, semina ya barua za mapendekezo, maonyesho ya vyuo ya Septemba. Ya viza mliyaona wenyewe. Mwishoni mwa Mei balozi za Marekani ziliagizwa zisipange mahojiano mapya ya wanafunzi; katikati ya Juni zikaruhusiwa tena, kwa sharti kwamba mwombaji aache wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii. Wenzetu wa Burundi yakawafika makubwa zaidi, nchi yao ikatiwa kwenye orodha ya Marekani ya vikwazo vya kuingia nchini humo. Wazazi waliopiga simu usiku walinipigia mimi, wala sikuzima simu.

Sasa mawakala. Najua ndilo lililowaleta, maana mkutano uliopita hata akidi haikutimia.

Kamati iliamua kwamba wakala anayelipwa na chuo kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka asipewe meza kwenye maonyesho yetu. Kwenye kundi la WhatsApp nimeitwa dikteta. Nikaambiwa pia kwamba NACAC, chama cha washauri cha Marekani, chenyewe kililegeza masharti, sisi ni nani? Ni kweli, mwaka 2013 walifungua mlango wa kamisheni kwa wanafunzi wa nje. Lakini masharti waliyoyafuta kwenye mkutano wao wa Louisville mwaka 2019, ambayo ndiyo mnanitumia kila siku, yalikuwa ya kuzuia vyuo kunyang'anyana wanafunzi, na waliyafuta kwa kuwa Wizara ya Sheria ilikuwa imewabana kwa sheria ya ushindani wa kibiashara. Kamisheni haimo. Tena sheria ya Marekani inavikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kulipa kamisheni kwa kusajili wanafunzi wa kwao. Wa kwetu ndio walioachwa nje ya kinga hiyo. Wakala humsifia mzazi chuo kinachomlipa yeye, na mtoto ambaye angepata ufadhili kwingine anapelekwa mahali ambapo baba atauza shamba.

Si kweli kwamba niliamua peke yangu. Tulikuwa watano, wawili waliondoka mapema, na mmoja wao ndiye analalamika leo.

Fedha: ada 255,000, meza za vyuo 180,000, jumla 435,000, matumizi 512,600. Shilingi 77,600 zilizopungua zilitoka mfukoni mwangu. Sidai, ila iandikwe. Mnasema tulipoteza fedha za mawakala. Shule wanachama ni 41, zilizolipa ni 17. Hizo 24 zingelipa 15,000 zao, tungekuwa na akiba. Ipo inayodaiwa miaka 3, na mshauri wake hajawahi kukosa chai ya saa nne.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tutatazama vyuo vya Kanada na India, tuone pia la kufanya kuhusu shule za kaunti za mbali. Tovuti nayo inashughulikiwa.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Anapokea M-Pesa pia.

Mwenyekiti