Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Barabara umeiona mwenyewe, hivyo leo hatutaisema.

Klabu ilianza 2019 ikiwa na wanachama 12. Leo tuko 58. Mafanikio ni makubwa mno: ngonjera yetu imefika hadi ngazi ya tarafa, na kwa hondohondo sasa sisi ni wataalamu. Vitabu vya kigeni vimempa ndege huyu jina la Mjerumani von der Decken, ingawa wazee wetu hapa Dodoma walimjua kabla bwana huyo hajazaliwa. Dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya njano, wa jike ni mweusi tii.

Mheshimiwa, hondohondo ndiye anayetufikisha kwenye ombi letu. Hawezi kutoboa mti mwenyewe. Hutegemea tundu la kuoza au lililoachwa na kigong'ota. Mvua zikishika, jike huingia humo, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, ukabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Akiwa ndani, manyoya ya mabawa humpukutika, naye hutamia huku dume akimletea panzi na mijusi.

Sasa miti yenye matundu mingi ni mikavu, na mti mkavu ndio kuni. Shule yetu inapika uji na makande kwa kuni. Kila mwanafunzi huja na kipande chake Jumatatu. Wakati wa mvua kuni za chini zimelowa, kwa hiyo mti mkavu uliosimama ndio unaosakwa. Februari uliangushwa mgunga wa nyuma ya uwanja. Jike alitoka akitambaa, mabawa matupu, asiweze kuruka. Dume alitua juu ya goli na panzi wake mdomoni, akakaa pale hadi kengele ya mapumziko. Mti ule ndio uliopika uji, na sisi wanaklabu tuliunywa.

Tunaomba majiko mawili makubwa ya gesi na sufuria zake. Si jambo geni: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mgeni rasmi wa 2023 alituahidi majiko kabla ya Krismasi. Hakutaja Krismasi ipi. Aliyefuata alitupa miche. Tunaishukuru sana miche hiyo, ila hondohondo hatagi kwenye mche. Wazazi, kwa imani, walishajenga chumba cha mitungi kwa matofali yao. Kina mlango na kufuli, na kwa sasa kinatunza majembe.

Ukipenda kukiona, Mwalimu wa Mazingira amesimama pale na funguo. Tumeandaa pia daftari la ahadi. Ukurasa wako ni wa tatu, na kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.