Bastola ndogo ya bei nafuu: ninunue, nitafute kubwa kidogo, au niache kabisa?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kuhusu jambo ambalo limeleta ubishi nyumbani kwangu na sijui nilimalize vipi. Mume wangu anataka ninunue bastola, na ameshaichagua: ndogo, ya bei nafuu, ya mtu anayeanza. Najua wengi watakaosoma barua hii wako Kenya, ambako raia hawezi kumiliki bunduki bila kibali cha bodi ya leseni, na watashangaa mama mzima kuuliza maswali haya. Lakini huku Marekani tuko wengi tuliofika mahali hapa, na wengi wetu tunaamua kwa kusikia tu fulani alinunua gani.

Naishi Texas, viungani mwa jiji la Dallas. Nawahudumia wazee majumbani kwao, na zamu yangu huisha saa sita za usiku. Baba Amani ni dereva wa lori la masafa marefu, siku nyingi yuko barabarani. Nyumbani wanabaki binti yetu wa miaka 9 na mpwa wa mume wangu mwenye miaka 16. Mwaka huu majirani zetu wawili, wote wanawake, waliporwa kwenye maegesho ya magari ya hapa tunapoishi, na mmoja alielekezewa bunduki. Mimi naegesha papo hapo, saa zile zile.

Bastola anayoitaka mume wangu ni Taurus G3c. Ni kampuni ya Brazili yenye kiwanda pia hapa Marekani, katika jimbo la Georgia. Inatumia risasi za milimita 9, inabeba 12, mtutu wake ni sentimita 8 hivi, na maduka ya hapa huiuza chini ya dola 300. Glock 19, kubwa kidogo, ambayo kila mtu huitaja, inapita dola 500. Hoja ya mume wangu ina uzito, na sitaki kuidharau. Anasema bastola ni mwanzo tu wa gharama: kuna ala ya kuibebea, sefu, darasa na risasi. Kasha la risasi 50 za mazoezi ni dola 15 hivi, na anayejua atakwambia usiiamini bastola mpya kabla hujapiga risasi kama 200 bila kukwama. Kwa hiyo anayemaliza pesa zote kwenye bastola ya kifahari hatakuwa na ya kujifunzia. Bora ya bei nafuu na mazoezi, anasema, kuliko ya ghali inayolala kabatini.

Ningekubali hapo hapo kama nisingeenda uwanja wa kulenga shabaha. Kuna viwanja vinavyokodisha bastola, unajaribu kabla ya kununua, na namshauri kila mwanamke aanzie huko. Nilimpata mwalimu, mama wa Kimarekani aliyestaafu jeshini, mpole na asiye na haraka. Aliniambia jambo ambalo sikulitarajia: bastola ndogo ni ngumu zaidi kwa mwanafunzi. Mimi nilidhani ndogo ni ya wanawake na kubwa ni ya wanaume, na wauzaji wengi wanakuongoza huko huko. Kumbe nguvu ya risasi ni ile ile, na bastola ikiwa ndogo na nyepesi, mshtuko wote unaishia mkononi. Mpini mfupi hauachi nafasi ya kidole cha mwisho. Na alama za kulengea zikikaribiana, kosa dogo la mkono linapeleka risasi mbali na shabaha. Mwanafunzi huanza kuogopa mlio, anakaza mkono na kufumba macho kabla hajafyatua, na tabia hiyo ikishaingia ni kazi kuitoa.

Niliyaona kwa mikono yangu. Ile G3c ilinishinda kidogo kuikoki, maana viganja vyangu vimechoka kwa kuinua wagonjwa. Kifyatulio chake kinasafiri mbali kabla hakijashika, ingawa kikishashika kinaeleweka. Ina kitufe cha usalama pembeni, na hilo lilinipa amani, lakini mwalimu alinikumbusha kwamba katika hofu kidole kinaweza kukisahau. Glock 19 ilitulia mkononi na risasi zangu zilikaa karibu karibu, ila haina kitufe cha aina hiyo, na kuificha chini ya sare ya kazi ni shida. Kisha akanipa Smith & Wesson Shield EZ ya risasi za .380, aina tofauti na zile za milimita 9, iliyotoka mwaka 2018, ambayo imetengenezwa hasa iwe laini kukoki. Hiyo niliipenda, Shangazi. Inabeba risasi 8 tu, bei iko katikati, na risasi zake ni ghali kuliko za milimita 9, kwa hiyo mazoezi nayo yanapanda bei.

Mume wangu akaniuliza, sasa ubora je? Hapo nami nikauliza watu. Mwaka 2015 Taurus ilikubali kuimaliza kesi kubwa hapa Marekani kuhusu bastola zake za zamani, ikiwemo PT-111 Millennium, zilizodaiwa kuweza kufyatuka zikianguka. G3c ni ya baadaye, si miongoni mwa zile. Na kwa haki, Novemba 2020 Smith & Wesson nayo iliziita Shield EZ kadhaa za milimita 9 zirudishwe kwa hitilafu kwenye nyundo. Kwa hiyo siwezi kusema bei kubwa ni kinga. Ninachosema ni kwamba yeyote anayenunua ya mkono wa pili aitafute kwanza namba ya bastola hiyo kwenye matangazo ya kampuni ya kurudisha zenye hitilafu.

Kuna kaka wa kanisani, raia wa hapa, aliyejitolea kuninunulia kwa jina lake kisha nimrudishie pesa, eti grinikadi yangu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, isije ikaleta maswali. Nilikataa, na nawaomba wenzangu wakatae. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kununua kihalali. Dukani unajaza fomu namba 4473, na jina lako linachunguzwa kwenye mfumo wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Fomu hiyo inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na kudanganya hapo ni kosa la jinai la serikali kuu. Mimi nimeshaomba uraia. Kwa asiye raia, hukumu ya kosa la bunduki inaweza kumfukuzisha nchini, na watoto wakabaki.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas inamruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiyekatazwa na sheria, kubeba bastola bila leseni yoyote. Maana yake naweza kununua leo na kubeba leo bila kufundishwa hata neno moja. Watu wanaliona hilo kama uhuru, mimi linanitisha. Nimeamua kwamba nikinunua, nitafuata leseni hata kama si lazima, kwa sababu inadai darasa la saa 4 hadi 6 na mtihani wa kupiga risasi 50.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi kweli. Mwajiri wangu haruhusu silaha nyumbani kwa mgonjwa. Basi bastola itakuwa wapi saa zote za zamu? Nikiiacha garini, magari huku yanavunjwa madirisha kila mara, na bastola iliyoibwa itaenda kumuua mtoto wa mwenzangu. Nikiiacha nyumbani, kuna binti yangu, na kuna huyu kijana. Sheria ya Texas inamhesabu mtu mzima kuwa na kosa akizembea hadi mtoto chini ya miaka 17 akaifikia bunduki iliyojaa risasi. Kijana wetu ni mwema, lakini tangu afike Marekani amekuwa mpweke, anajifungia chumbani, na baadhi ya siku hasemi na mtu. Mume wangu anasema sefu ya dola 60 inatosha. Kwa mtoto wa miaka 9, huenda. Kwa kijana wa miaka 16 mwenye huzuni na jioni nzima bila mtu mzima nyumbani, moyo wangu unakataa. Hili nimemwambia Baba Amani, akaniambia namwaza mpwa wake vibaya, na tangu hapo hatujaongea vizuri.

Mwenzangu kazini hubeba dawa ya pilipili ya kupuliza, halali hapa, na mimi nimeanza kuibeba. Nimewaandikia wenye majengo kuhusu taa za maegesho zilizokufa. Mume wangu anasema pilipili haizuii risasi, na hilo siwezi kulibisha.

Nisaidie, Shangazi, na wasomaji wenye uzoefu wanisaidie. Kama ni kununua, je, kuna mama aliyeanza na bastola ndogo ya bei nafuu kama G3c akaizoea, au mlilazimika kuiuza na kununua kubwa zaidi? Wauguzi na wahudumu mnaotoka kazini usiku, yenu huwa mnaiweka wapi mkiwa zamuni? Na kubwa kuliko yote, nimwambieje mume wangu kwamba hofu yangu kuhusu kijana haitoki kwenye chuki? Anarudi mwisho wa mwezi huu na amesema tutapitia dukani kabla hatujafika nyumbani.

Mama Amani,
Texas