Sensa ya joto ipimwe kabla ya kubadilishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie mazoea ya gereji zetu nyingi, ambako taa ya injini ikiwaka na mashine ya kusoma hitilafu ikaonyesha namba P0118, mwenye gari hutumwa dukani papo hapo akanunue sensa ya joto la maji ya injini. Hitilafu hiyo haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema kuwa volti inayosomwa na kompyuta ya gari imezidi kiwango, jambo ambalo huletwa pia na waya uliokatika au soketi iliyoshika kutu.

Sensa hii hupunguza ukinzani wake wa umeme kadiri maji yanavyozidi kupata moto. Ikichomolewa kwenye soketi, kompyuta hudhani injini ina baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Fundi akizima swichi, akaunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, kisha akawasha swichi bila kupiga stata, joto linalosomeka kwenye mashine linapaswa kupaa hadi nyuzi 140 hivi. Likipaa, nyaya na kompyuta havina shida, na sasa sensa inastahili kushukiwa. Lisipopaa, hata ukifunga sensa tatu mpya, gari linaweza kuendelea kutoa moshi mweusi na kunywa mafuta, kwa kuwa kompyuta huweza kuzidi kuimiminia petroli injini inayodhaniwa kuwa ya baridi.

Sensa yenyewe hupimwa nje ya gari, nayo hufunguliwa injini ikiwa imepoa kabisa, maana maji ya rejeta yenye moto huruka na kuunguza. Itumbukizwe ncha yake katika sufuria ya maji iliyo jikoni, yenye kipimajoto, pini zikiwa juu zimeshikwa na nyaya za mita ya kupimia ukinzani. Kwa magari mengi ya Toyota, maji yakiwa nyuzi 20 mita husoma kati ya omu (kipimo cha ukinzani) 2,000 na 3,000, na yakifika nyuzi 80 husoma kati ya omu 200 na 400. Kinachonifanya nisisitize jiko ni kwamba zipo sensa zinazosoma vizuri zikiwa baridi, halafu joto likiendelea kupanda namba inaruka ghafla badala ya kushuka taratibu. Kipimajoto nacho kisiachwe kwa kutegemea kwamba maji yanayotokota yana nyuzi 100; hapa Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, hutokota kwenye nyuzi 94 hivi.

Naomba wenye magari wadai vipimo hivi kabla ya kutoa fedha. Gereji inayotoza ada ya uchunguzi haiwezi kushindwa kuandika tarakimu mbili kwenye risiti: omu za sensa ikiwa baridi, na omu zake ikiwa moto.

Fundi umeme wa magari,
Mbeya