Solo kumi zimo kichwani, ukiambiwa "haya, piga yako" unaganda

Wanafunzi wengi wanaokuja kwetu kujifunza gitaa wana lalamiko moja: "Mwalimu, solo, vile vipande vya kupiga peke yangu mbele ya wenzangu, nimezikariri, nazipiga bila kukosea. Lakini wenzangu wakianzisha muziki wa bluzi tu na kuniambia niingie, natafuta pa kuanzia mpaka wimbo unaisha."

Naelewa, maana yalinikuta. Kuna solo moja niliifanyia mazoezi miezi mitatu, kila uzi nikiuvuta pale pale ulipovutwa kwenye rekodi. Siku nilipopata nafasi ya kupiga na bendi, wakaanza kwa ufunguo wa E (nota ambayo wimbo umejengwa juu yake) wakati mimi nilizoea A, tena mwendo wa pole. Solo yangu ikafa kabla haijazaliwa. Nilishikilia kordi, zile nota kadhaa zinazopigwa pamoja, mpaka mwisho, nikijifanya ndivyo nilivyopanga.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza vipande na skeli, yaani safu za nota. Sisi huanza kwa kupunguza, na wiki ya kwanza hupigi solo hata moja. Unajifunza kujua uko wapi.

Bluzi ya kawaida inazunguka kwenye vipimo 12, kila kimoja kina mapigo 4. Kwa ufunguo wa A, mzunguko wa kordi unakwenda hivi: A7 vipimo vinne, D7 viwili, unarudi A7 viwili, kisha E7 kimoja, D7 kimoja, A7 kimoja, na E7 ya kukurudisha mwanzo. Zipo namna nyingine, lakini hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Tunataka uisikie bila kuhesabu vidole, kiasi kwamba nikikusimamisha ghafla katikati ya mzunguko unaniambia, "Hiki ni cha saba." Aliyekariri solo hawezi kulijibu hilo. Anajua vidole vinakwenda wapi, hajui wimbo umefika wapi, na hapo ndipo anapopotelea mwendo au ufunguo unapobadilika.

Baada ya hapo tunaimba. Ndiyo, kuimba, na hatujali sauti yako ikoje. Mashairi mengi ya bluzi yana mistari mitatu: wa kwanza unasemwa, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu. Kila mstari una vipimo vinne, lakini maneno hujaza takriban viwili tu. Vinavyobaki ni vya gitaa kuitikia. Msikilize B.B. King, mpiga gitaa wa bluzi aliyezaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1925: anaimba, gitaa lake Lucille limetulia, anafunga mdomo, Lucille anajibu. Wawili hao hawakatizani maneno. Mwanafunzi aliyeimba mstari wake mwenyewe, hata wa kipuuzi kuhusu viatu vilivyopotea, hukosi kuona gitaa lake limeanza kuvuta pumzi. Wapigaji wengi wanaoanza hawana ukame wa nota hata kidogo. Shida yao ni kwamba hawanyamazi.

Sasa ndipo tunakupa nota. Tatu tu. Uzi wa nne, freti ya 7: A. Uzi wa tatu, freti ya 5: C. Uzi huohuo, freti ya 7: D. (Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko yote; freti ni vile vigawanyo kwenye shingo ya gitaa.) Zinatoka kwenye pentatoniki ya A ndogo, yenye nota tano: A, C, D, E, G. Nyingine zitasubiri.

Hiyo C ndiyo tunayokaa nayo muda mrefu, kwa sababu nusu ya utamu wa bluzi umejificha hapo. Kordi ya A7 ina C♯ (nusu toni juu ya C) ndani yake, wewe unapiga C. Zinagombana. Basi ukiwa kwenye A7, usukume uzi kidogo sana, pungufu ya nusu toni, sauti ipande ielekee C♯ lakini isifike. Utasikia ule mlio wa kulalamika ambao hakuna freti inayoutoa. Mzunguko ukifika kipimo cha tano, D7 ikaingia, C hiyohiyo imo ndani ya kordi. Usiivute. Iache inyooke. Kidole hakijahama, nota ni ileile, lakini msikilizaji anajua wimbo umegeuka. Kuna wanafunzi waliokaa wiki mbili kwenye jambo hili moja na hawakuchoka; mimi mwenyewe bado sijachoka.

E7 ikifika kipimo cha tisa, tunakuongezea E, uzi wa pili freti ya 5. G inafuata baadaye, kisha E♭ (nusu toni chini ya E) ya kupitia njiani, ambayo ukiikalia sana inachacha.

Na zile solo ulizokariri? Usizitupe. Tunachukua kipande cha nota nne kutoka kwenye mojawapo na kukusumbua nacho: kianzishe pigo la pili badala ya la kwanza. Kimalizie kwenye nota nyingine. Kipige, kirudie, mara ya tatu kibadilishe mwisho. Kipeleke kwenye E, ufunguo ulioniumbua mimi. Baada ya siku chache utakuwa umesahau kilitoka kwa nani.

Tunafundisha wawili wawili. Mmoja anashika kordi, mwingine anapiga vipimo viwili na kunyamaza viwili, kisha wanabadilishana. Kila kipindi tunakirekodi kwa simu, na unakwenda nacho nyumbani. Kujisikiliza kunauma mara ya kwanza, halafu unaanza kugundua mahali ambapo ungenyamaza.

Ukija kipindi cha kwanza, leta gitaa lililotuniwa na solo moja unayoijua kuliko zote. Tutaivunjavunja.