Ankara ya programu isomeke na mhasibu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na vijana wenzetu wanaotengeneza programu za kompyuta hapa Tabora, na pia wahasibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) na maduka wanaopokea ankara zao. Ankara nyingi huandikwa hivi: "Marekebisho ya mfumo, saa 38, Sh1,140,000." Basi, hakuna zaidi. Mhasibu haelewi, mwenyekiti wa bodi haelewi, na mkaguzi wa COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika, akifika atauliza chama kilinunua nini. Malipo yanakaa. Kijana anaona anazungushwa, kumbe mhasibu hana cha kuandika kwenye vocha.

Kosa huanza siku ileile kazi inapofanyika. Wengi wetu tunatumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza kila badiliko la msimbo (maandishi yanayounda programu) pamoja na tarehe, jina la aliyelifanya na ujumbe mfupi. Ujumbe huo ndio malighafi ya ankara. Ukijaza "rekebisha", "rekebisha tena", "sasa imekubali", mwisho wa mwezi utasoma maneno yako mwenyewe usijue ulifanya nini. Andika: "Ombi 14: stakabadhi ya mkulima inaonyesha salio la deni la mbolea." Namba ya ombi usiiache kamwe, kwa sababu ndiyo inayofunga pamoja simu aliyopiga mteja, msimbo uliobadilika na mstari wa ankara.

Mwisho wa mwezi kumbukumbu huvutwa kwa amri ya git log, ukiweka --author kwa jina lako, --no-merges ili miunganisho isijirudie, na --since na --until kwa tarehe. Hapo kwenye tarehe ndipo wengi wanapopoteza saa zao bila kujua. Ukiandika 2025-07-01 peke yake, Git hujaza saa ya wakati ule unapotoa amri. Ukiitoa saa 10 jioni, kazi yote uliyoifanya kabla ya saa 10 jioni ya Julai 1 inaachwa nje. Andika "2025-07-01 00:00". Ukiitoa amri hiyo kwenye seva inayofuata UTC, yaani saa za kimataifa, kumbuka ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, kwa hiyo kazi ya saa 7:30 usiku wa kuamkia Julai 1 itahesabiwa ya Juni. Tena --since huangalia tarehe badiliko lilipoingizwa, si lilipoandikwa mara ya kwanza. Aliyepanga upya historia kwa git rebase ataona kazi ya Juni imehamia Julai. Na bila --all utaona tawi ulilosimama tu, yaani ule mkondo mmoja wa kazi uliofungua wakati huo.

Lakini hata ukivuta kumbukumbu zote sawasawa, Git haijui saa. Chukua mzani wa kidijitali wa ghala la tumbaku uliounganishwa na kompyuta kwa kebo ya RS-232. Karani anaweka belo, skrini inaleta alama zisizosomeka badala ya kilo. Fundi anabadilisha kebo, anajaribu adapta nyingine ya USB, anajaribu kompyuta nyingine, mwisho anagundua mzani unatuma kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde na programu inasikiliza kwa 4800. Kwenye msimbo imebadilika namba moja. Kwenye saa, zimekwenda 6. Anayepima kazi kwa idadi ya mistari ya msimbo atajidhulumu hapo, na anayeandika "kubadilisha namba moja, saa 6" ataonekana mwizi. Andika kilichotafutwa, kilichokutwa na jinsi kilivyothibitishwa: "Ombi 16: mzani wa ghala ulileta alama badala ya kilo. Kebo, adapta na kompyuta vimejaribiwa. Tatizo ni kasi ya mawasiliano kutolingana. Imerekebishwa na kujaribiwa kwa belo 20. Saa 6."

Kwa hiyo daftari la saa liwe pembeni, la karatasi au la simu, lijazwe unapoinuka mezani, si Ijumaa jioni. Pima kwa robo saa. Andika jumla ya saa badala ya "3:00 hadi 5:30", maana mmoja atasoma saa tatu asubuhi na kwa kompyuta 3:00 ni saa tisa usiku, ugomvi huo hauna faida. Simu ndefu, kikao, kurejesha nakala ya hifadhidata, safari ya Urambo kufundisha makarani: vyote hivyo haviko kwenye Git na vyote ni kazi.

Sasa zile saa 38 zilizoandikwa kwa mstari mmoja zinaweza kusomeka hivi: salio la deni kwenye stakabadhi, saa 9.5, Sh285,000, mzani wa ghala, saa 6, Sh180,000, ripoti mpya ya madeni ya pembejeo, saa 15, Sh450,000, mafunzo ya makarani wawili pamoja na safari, saa 7.5, Sh225,000. Jumla ni ileile. Panga kwa maombi, si kwa siku, na mistari isizidi minane kwa mwezi. Ankara ya mistari sitini hujificha kama ile ya mstari mmoja. Sentensi ya kwanza ya kila mstari ijitosheleze, kwa sababu mhasibu ataihamishia kwenye vocha yenye nafasi ndogo. Itaje anachokiona mtumiaji. "Kuboresha muundo wa hifadhidata" hakimwambii kitu. "Ripoti ya mwezi iliyochukua dakika 4 sasa inachukua sekunde 10" kinamwambia.

Kosa lako mwenyewe nalo liandike. "Makato ya mkopo yalitolewa mara mbili, kosa ni letu, saa 3, hazitozwi." Wengine hulificha kwa aibu, au hulichanganya na ombi jipya ili lilipwe. Tunaona hilo la pili ni wizi, na bodi ikiligundua mara moja, kila ankara inayofuata itapekuliwa.

Anayetumia programu za akili bandia kufupisha kumbukumbu asome kila neno kabla ya kutuma. Programu hizo hupenda kuongeza "usalama umeimarishwa" mahali ambapo hakuna aliyegusa usalama. Majina ya wakulima na namba zao za akaunti zisiingie humo wala kwenye ankara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na wao. "Mkulima mmoja wa Kaliua" inatosha.

Kuhusu kodi ni machache: weka TIN, onyesha VAT ya asilimia 18 kwa mstari wake ikiwa umesajiliwa, na usishtuke mteja akikata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye Sh1,140,000 ni Sh57,000. Mdai cheti chake.

Nanyi wahasibu, mstari usipoeleweka msiirudishe ankara nzima wala kuiacha mezani mpaka bodi ikae. Lipeni mistari iliyo wazi, na ulizeni ule mmoja kwa namba yake ya ombi. Aliyeandika daftari lake vizuri atawajibu siku hiyohiyo.

Watengeneza programu,
Isevya, Tabora