Barua kwa mwanangu Neema, kuhusu tatuu za watu wa mapokezi

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mama. Nimefurahi sana kusikia kwamba umepewa usimamizi wa mapokezi, na kwamba kazi ya kwanza waliyokukabidhi ni kuandika upya mwongozo wa mavazi na muonekano wa wafanyakazi. Umeniuliza jambo moja: wanaokutana na wageni uso kwa uso waruhusiwe kuonyesha tatuu, au waendelee kuzificha? Unasema meneja wenu anataka zifichwe zote, nawe hujui usimame upande gani. Mimi upande wangu naujua. Waruhusu. Ila waruhusu kwa masharti yaliyoandikwa, na sharti la kwanza liwe kwamba sheria ni moja kwa watu wote, kuanzia getini mpaka ofisini kwa meneja.

Naanza na getini kwa sababu. Hoteli yenu, kama hoteli nyingi za Dar es Salaam na za pwani yote, imemweka Mmasai mlangoni. Mashavuni ana alama za duara alizochomwa kwa moto utotoni. Ndewe za masikio yake zimetobolewa na kuvutwa mpaka zinaning'inia. Yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye mgeni anamwona akishuka kwenye gari, na wageni wanamwomba wapige naye picha. Hakuna aliyewahi kumwambia ajifunike mashavu. Halafu mgeni huyohuyo akitembea hatua chache anafika kwa binti wa mapokezi mwenye ua dogo kwenye kiwiko cha mkono, na huyo ameambiwa afunge bandeji. Mgeni anamwuliza ameumia nini, naye inabidi atunge uongo. Mwanangu, muulize meneja: ngozi yenye alama inamtisha mgeni, au haimtishi? Kama inamtisha, mbona getini mnaitangaza? Kama haimtishi, bandeji ya nini?

Najua atakavyojibu. Atasema ya Mmasai ni mila, ya binti ni fasheni. Jibu hilo nimelisikia miaka mingi, na kila nikilisikia namkumbuka bibi yako.

Wewe ulimkuta amekwisha kuzeeka, nadhani sura yake unaikumbuka kidogo. Paji la uso lake na mashavu yake yote mawili yalikuwa na nembo za Kimakonde, mistari ya pembepembe iliyoshuka mpaka kidevuni. Fundi alimchanja kwa kisu kidogo akiwa msichana, akapaka mkaa wa mbarika kwenye majeraha, na yalipopona akamrudia tena ili rangi ikolee. Mama yake yeye alikuwa na ndonya pia, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu. Kwa watu wa uwanda wa Newala, sura hiyo ndiyo iliyosema huyu ni msichana aliyekua, ameweza kuvumilia maumivu, ana kwao. Na bibi yako alikuwa mfanyabiashara. Aliuza mihogo na samaki wakavu sokoni maisha yake yote, akikutana na wateja kila siku ya Mungu, na wateja walimfuata kwa sababu hakupunja kipimo.

Nami nilipokuwa keshia, msimu wa korosho ukifunguka wazee wa vyama vya msingi walipanga foleni mbele yangu kuchukua malipo yao, na wengi walikuwa na nyuso kama ya bibi yako. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha sura na picha ya kitambulisho, na zile nembo zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Hatukumdhania mzee hata mmoja kuwa mhuni. Lakini upande wetu wa kioo mambo yalikuwa mengine. Kijana mwenzetu aliyekuwa na msalaba mdogo kwenye mkono alivaa mikono mirefu kwenye joto la Mtwara, mwaka mzima, akitiririka jasho huku akihesabu noti. Mteja alikuwa na alama usoni, na aliyemhudumia alitakiwa kuficha yake ya sentimita mbili.

Kwa hiyo hoja ya mila na fasheni mimi siikubali pale kazini. Nje ya kazi tunaweza kuijadili, na kweli zipo tofauti: bibi yako alichanjwa na jamii yake, binti wa mapokezi amejichagulia mwenyewe. Lakini nani atakaa na kupima sababu ya kila mchoro? Mmoja ameandika jina la mtoto aliyemzika. Mwingine amechora samaki kwa kuwa baba yake ni mvuvi. Mwingine alipenda tu rangi. Hoteli haiwezi kuwa mahakama ya mambo hayo, na ikijaribu itaishia kumpendelea mmoja na kumwonea mwingine.

Tafadhali usimdharau meneja, hata hivyo. Hofu yake ina mizizi. Kwetu mtu mwenye mchoro mkononi kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa ametoka jela au kijiweni, na wazee wengi bado wanaona hivyo. Dini nazo zina neno lake: wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaifundisha kuwa ni haramu, na Wakristo watakusomea Walawi 19:28, panapokatazwa kuchanja mwili na kuuandika alama. Mgeni anayeamini hivyo atafika mbele ya meza yako, na pengine atakunja uso. Mimi ninachosema ni kwamba imani yake inamwongoza yeye juu ya mwili wake. Akifika mapokezi anadai heshima, chumba safi, hesabu ya bili iliyo sawa na mtu wa kumjibu anapouliza. Hayo akiyapata, tumemtendea haki.

Tena jiulize hao wageni wenu ni akina nani. Kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu wazima wa Marekani mwaka 2023 kikakuta asilimia 32 wana tatuu angalau moja, na wanawake ni wengi kuliko wanaume: asilimia 38 kwa 27. Mgeni anakuja na mkono wote umechorwa, anahudumiwa na mtu aliyefunika wa kwake asimkwaze.

Kuna nchi moja iliyolipitia jambo hili kwa namna inayotuhusu sisi watu wa nembo. New Zealand ina Wamaori, wenyeji wake wa asili, nao huchanjwa michoro ya ukoo wao, wanawake kidevuni, wanaume hata uso mzima. Shirika la ndege la Air New Zealand lilikuwa likizitumia sanaa za Kimaori kwenye nembo yake na kwenye ndege zake, huku watu wenye michoro hiyo mwilini pasipofichika wakikataliwa kazi za kukutana na abiria. Watu wakaliambia shirika: huwezi kuchukua mchoro wetu ukaupaka kwenye ndege, halafu ukaukataa kwenye ngozi ya mwenye nao. Tarehe 1 Septemba 2019 likafungua mlango. Na halikufungua kwa Wamaori peke yao, liliruhusu tatuu kwa wafanyakazi wote, likabakisha katazo la michoro ya chuki na matusi. Hapo ndipo nawapendea. Wangeweza kusema wenye mila wapite, wengine wabaki nje, na wangezua ugomvi mwingine palepale.

Baada ya hapo, Novemba 2020, Nanaia Mahuta akawa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo akiwa na mchoro kidevuni. Hiyo ndiyo kazi ya mapokezi ya taifa zima. Desemba 2021 Oriini Kaipara akasoma taarifa ya habari ya jioni kwenye televisheni ya kitaifa, naye ana mchoro kidevuni. Uingereza, Virgin Atlantic waliwaruhusu wahudumu wao wa ndege mwaka 2022, ingawa walibakiza katazo la uso na shingo.

Meneja atakuuliza habari ya biashara, na ana haki ya kuuliza. Mwambie hivi. Yupo mtafiti aitwaye Andrew Timming, alipokuwa Chuo Kikuu cha St Andrews kule Uskoti aliwahoji mameneja wanaoajiri, na wengi hawakuwa na chuki zao wenyewe. Waliogopa wateja watasemaje. Aliona pia kwamba mambo yanategemea kilichochorwa, mahali kilipo, na aina ya wateja. Baadaye, mwaka 2018, yeye na Michael French wa Chuo Kikuu cha Miami walitoa utafiti wa watu zaidi ya 2,000 wa Marekani, na hawakukuta kwamba wenye tatuu wanakosa kazi au wanalipwa pungufu kuliko wenzao. Marekani si Msasani, hilo najua. Lakini ile hofu ya "wateja watasemaje" ndiyo ileile, na wewe unayo njia ya kuipima hapohapo: soma maoni ya wageni wenu, uone wangapi wamelalamikia mkono wa mhudumu na wangapi wamelalamikia maji ya moto na mtandao.

Sasa sheria, maana hapa ndipo nilipopata uzoefu nilipokuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, TUICO, tawini kwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila, dini, rangi, jinsia, ulemavu na mengine. Tatuu haimo. Kwa hiyo mwajiri anaweza kuweka kanuni juu yake, usimdanganye mtu kwamba sheria inamkinga moja kwa moja. Lakini kabila limo. Ukiandika "alama za kabila fulani ruksa, nyingine marufuku", umeanza kutembea kwenye miiba.

Halafu zipo kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Hizo zinataka kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kuvunja kanuni, kanuni yenyewe iwe ya haki, iwe wazi, mfanyakazi awe anaifahamu, na iwe inatumika kwa wote sawasawa. Yule kijana wa msalaba alipopewa barua ya onyo siku aliyokunja mikono ya shati, tuliingia ofisini na swali moja: kanuni hiyo imeandikwa wapi? Haikuandikwa popote. Barua ikafutwa. Nisingependa wewe uwe upande wa pili wa meza ile, mwanangu. Andika mapema, wasomee, kila mmoja asaini na abaki na nakala yake.

Cha kuandika ni kifupi. Kataza maudhui, usikataze kiungo cha mwili. Mchoro wa matusi, wa uchi, wa kutukana dini au kabila au wanawake, wa chuki, wa chama cha siasa, huo ufunikwe au mwenye nao asikae mbele ya wageni. Mwingine wowote uachwe, uwe mkononi, mguuni au usoni. Najua shingo na uso vitawasumbua, hata mimi vilinifikirisha. Lakini ukikataza uso, yule wa getini umemfukuza. Ukimwachia yeye peke yake, umeandika sheria ya kabila. Tatuu mbichi ambayo haijapona ifunikwe mpaka ikauke, hasa kwa wanaobeba chakula, maana hicho ni kidonda kama vidonda vingine. Na anayependa kujifunika kwa hiari yake ajifunike, asiulizwe.

Jambo jingine ni la wale vijana wako wenyewe. Ukishawaruhusu, watakwenda kuongeza. Waambie ukweli kwamba ruhusa yako inaishia kwenye geti la hoteli. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hapa nchini huweka sharti la kutokuwa na alama za kuchorwa mwilini. Shirika la ndege la Emirates, ambako najua wawili kati yao wanatamani kwenda kuruka, linataka tatuu isionekane mtu akiwa amevaa sare, na halikubali kuifunika kwa bandeji wala vipodozi. Mimi naona masharti hayo ni makali mno. Hata hivyo binti wa miaka ishirini ana haki ya kuyajua kabla hajakaa kwenye kiti cha mchoraji.

Umenitajia pia yule kijana wa baa ya bwawa la kuogelea, mwenye jina la mwanawe shingoni, ambaye meneja anataka ahamishiwe stoo. Umesema wageni wanamwulizia kwa jina. Usimhamishe. Ikiwa meneja atasisitiza, mwombe aandike kwa mkono wake mwenyewe ni kosa gani kijana amefanya na ni kanuni ipi aliyoivunja, kisha aambatanishe na barua ya uhamisho.

Rasimu ikiwa tayari nitumie kwenye simu kabla hujaipeleka, nitakaa nayo jioni moja. Mjomba wako anakusalimu, ameanza kupalilia mikorosho. Nauli ya Krismasi usitume, ninayo.

Mama yako.