Siku ya majibu isiishie mlangoni mwa daktari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie wagonjwa wanaopewa majibu mazito katika hospitali zetu hapa Mombasa, kisha wakaachwa watoke na karatasi mkononi pasi na mtu wa kuketi nao. Naandika kwa sababu nilimwuguza dada yangu mkubwa hadi pumzi yake ya mwisho, na kwa sababu makosa tuliyoyafanya sisi jamaa zake katika wiki za mwanzo nayaona yakirudiwa na watu wengine kila nikutanapo nao.

Dada alikuwa mjane, mkaazi wa Likoni, na riziki yake ilikuwa mahamri na viazi karai alivyoviuza asubuhi nje ya nyumba yake. Siku ya majibu ya kipimo cha nyama tuliingia watu watatu: yeye, mwanawe wa kiume na mimi. Daktari, ambaye ujuzi wake sina shaka nao, alizungumza kwa Kiingereza huku akimtazama kijana. Alitaja saratani ya shingo ya kizazi, akasema imefikia hatua gani, akaandika rufaa ya mionzi, na mgonjwa mwingine akaitwa. Dada yangu alisoma hadi darasa la tatu tu. Tulipotoka nje alituuliza, "Amesemaje?" Mwanawe akamjibu kwamba ni uvimbe, na kwamba utachomwa kwa mashine uishe. Tukavuka feri kurudi nyumbani, yeye akizungumzia bei ya unga wa ngano, na sisi wawili tukiyatazama maji.

Usiku ule jamaa walikusanyika barazani na ikaamuliwa asiambiwe. Nataka nieleweke hapa: hakuna aliyesema lolote kwa ubaya. Waliosema kwamba ukweli ungemvunja moyo walisema kwa mapenzi, na mimi niliyenyamaza nilinyamaza kwa mapenzi hayohayo. Lakini kwa muda wa karibu miezi miwili tulipanga nauli, zamu na michango ya matibabu ya mtu aliyelala chumba cha pili, bila kumwuliza neno. Aliyemwambia hatimaye ni mama mmoja kutoka Kwale waliyeketi naye katika foleni, ambaye alidhani dada anajua, akamwambia kwa nia njema kwamba "sisi wa saratani" husubiri upande ule. Aliporudi nyumbani jioni ile hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Mwanipangia safari, na miye mwenye safari simo?"

Sijapata jibu la swali hilo hadi leo. Alikuwa na mambo yake. Kiwanja cha Mtongwe kilikuwa bado kiko kwa jina la marehemu mumewe. Kulikuwa na fedha za chama alizokuwa akidaiwa, deni ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Na alitaka kwenda Lamu kumwona dada yetu wa kati akiwa bado na nguvu za kusafiri. Kiwanja kilishughulikiwa na deni likalipwa. Lamu hakuwahi kufika, kwa kuwa alipojua hali yake mionzi ilikuwa imeshaanza, na baada ya mionzi mwili haukumruhusu tena.

Wapo watakaosema kwamba kumficha mgonjwa ni desturi yetu na ni huruma. Wazee wetu pia walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na sioni kwa nini methali hiyo imhusu mgonjwa peke yake iwaache jamaa zake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake na gharama zake, na inataka maelezo hayo, inapowezekana, yawe katika lugha anayoifahamu na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Sheria hiyohiyo inaacha nafasi pale ambapo kuna ushahidi kwamba kumwambia kutamdhuru. Nafasi hiyo ni ya daktari kuipima kwa kila mgonjwa. Haikuwekwa ili itumiwe kwa kila mwanamke asiyejua Kiingereza. Na kama yupo mgonjwa asiyetaka kujua yote, hiyo ni haki yake pia, ila aulizwe mwenyewe, mapema na kwa upole: ungependa kuelezwa kiasi gani, na ungependa nani awepo? Katika mji huu, ambako mtu hawezi kununua nazi sokoni Kongowea bila Kiswahili, ni vigumu kukubali kwamba lugha ilikosekana chumbani mwa daktari.

Jambo la pili lililotupotezea muda ni hofu ya neno hospisi. Muuguzi mmoja alitutajia neno hilo katika mwezi wa kwanza, na shemeji yetu akakasirika, akasema mgonjwa wetu hajafikia huko. Wengi hapa Pwani tunaamini kwamba hospisi ni mahali pa kupelekwa mtu kungoja kufa. Ukweli ni kwamba kinachotolewa hospisi ni tiba shufaa, na tiba hiyo, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso mengine ya mgonjwa pamoja na kuwashika mkono jamaa zake, inafaa ianze mapema, sambamba na mionzi na dawa za saratani. Ndivyo ulivyoagiza Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2014, ulipozitaka nchi wanachama ziingize huduma hii katika mifumo yao ya afya. Na haikuwekewa wagonjwa wa saratani pekee: mwenye figo zilizofeli, mwenye moyo uliochoka, anayeishi na virusi vya ukimwi, mtoto mwenye selimundu anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, wote wanahusika. Mombasa tunayo Coast Hospice, na wapo wakaazi wa kisiwani ambao hawajawahi kusikia kwamba ipo.

Tulipokwenda hatimaye, jambo la kwanza walilofanya ni kumwuliza dada, kwa Kiswahili, ni kitu gani kinachomsumbua zaidi. Akasema ni kukosa usingizi kwa maumivu ya kiuno. Akaanzishiwa mofini ya maji, ya kunywa kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini hufunga tumbo. Sisi tuliogopa kwamba atakuwa mlevi wa dawa au atapoteza akili. Tulielezwa kwamba inapotolewa kwa maumivu ya kweli, kwa kipimo kinachopandishwa polepole na kufuatiliwa, hatari ya uraibu ni ndogo, na usingizi mzito wa siku za mwanzo hupungua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katika wiki ya pili aliketi barazani akamfundisha mjukuu wake kukanda unga. Hadi sasa najiuliza ni usiku mingapi aliyoumia bure kabla ya hapo, na hesabu hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote.

Fedha nazo hazisubiri mtu atulize moyo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, na wengi waligundua mlangoni mwa hospitali kwamba hawajajisajili au hawajalipa. Asiye na mshahara hupimiwa uwezo wa kaya yake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipia mwaka mzima kwa pamoja. Kwa muuza mahamri, shilingi 3,600 kwa mkupuo mmoja si jambo dogo. Tena malipo ya saratani yana kikomo kwa kaya kwa mwaka. Tungelijua hilo siku ya kwanza, tungeliuliza gharama ya mpango mzima wa matibabu, tukajua bima itaishia wapi na michango ianzie wapi. Badala yake tulishtukia katikati ya safari.

Mionzi ya saratani ya aina ile hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Sisi wa Likoni tulikuwa na feri tu ya kuvuka. Yule mama wa Kwale alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, na nilikutana na wagonjwa kutoka Tana River waliokuwa wakilala kwa watu wasiowajua. Ni neema kubwa kwamba hospitali kuu ya rufaa ya Pwani sasa inatoa mionzi na kwamba si lazima tena mgonjwa asafiri hadi Nairobi. Lakini mgonjwa anayetapika hawezi kupanda matatu mbili kila siku kwa wiki tano. Misikiti na makanisa ya mji huu yana vyumba, na yana watu wa kheri. Tunachanga kwa moyo mkunjufu mtu akishazikwa, masufuria ya pilau ya khitma yakajaa ua mzima. Naomba sehemu ya moyo huo ielekezwe kwenye kitanda cha mgonjwa anayetoka mbali, akingali hai wa kushukuru.

Kuna mambo madogo yaliyotusaidia ambayo hatukufundishwa na mtu. Tulinunua daftari la shule. Mgonjwa mwenyewe alitamka na binti yake akaandika: dawa na saa zake, maswali ya kumwuliza daktari, nani anampeleka siku gani, nani apigiwe simu usiku. Ukurasa mmoja aliuandikisha kwamba akishindwa kusema, binti huyo ndiye atakayemsemea kuhusu matibabu, akatia sahihi mbele yetu. Sheria niliyoitaja inatambua idhini ya mtu aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi, na ukurasa ule ulituepusha na ugomvi mkubwa wa mashemeji. Aliandikisha pia kwamba hataki kurudishwa wodini kama hakuna la kumponya, na kwamba alale chumba chenye dirisha la barabarani asikie watu wakipita. Shemeji aliona huku ni kujitabiria mauti. Imamu wa mtaa, aliyekuja kumjulia hali, ndiye aliyemkumbusha kwamba Mwislamu mwenye cha kuusia hahimizwi kulala usiku mbili bila wasia wake kuandikwa, awe mzima au mgonjwa.

Binti huyo naye asisahauliwe. Aliacha kazi ya hoteli ili amtunze mamake, na kwa miezi hakulala usiku mmoja mzima. Wageni waliokuja walimwuliza mgonjwa hali. Yeye waliomba awapikie chai. Anayeuguza anahitaji zamu iliyopangwa kwa majina na siku, na wanaume wa nyumba wawemo katika zamu hizo.

Ninachoomba kwa Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa, na kwa hospitali za watu binafsi vilevile, ni kitu kinachowezekana. Kila mahali panapotolewa majibu ya ugonjwa mzito pawe na muuguzi au afisa wa ustawi wa jamii ambaye kazi yake, siku hiyohiyo, ni kumketisha mgonjwa na mtu anayemtaka, wakaongea kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao mgonjwa, akaangalia kama bima iko hai, akampa jina la mtu wa kupigia simu, na akamwandikia barua ya kwenda kwenye tiba shufaa pamoja na ile ya mionzi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka mitaani waelekezwe kumfuatilia mgonjwa huyo nyumbani kabla wiki haijaisha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi tunaitwa kutoa maoni. Nitafika kwenye kikao cha Likoni na daftari la dada yangu, na nawaomba wengine waliouguza wafike tuketi pamoja.

Jina langu umelihifadhi,
Likoni, Mombasa